Ukurasa Mwepesi

Tangu sheria ya kurahisisha kompyuta ipite, sisi tusioona tunapewa Ukurasa Mwepesi: sauti ya upole na kitufe kimoja kikubwa cha Ndiyo. Vingine vyote waliviondoa, eti visitutatize. Mimi niliyefundisha kompyuta miaka kumi na tisa!

Asubuhi hiyo nilikuwa namsuka binti yangu, Tunu, sauti iliposema, “Habari, Mama Tunu. Unaridhia mwanao akaishi na mlezi anayeona, kuanzia leo jioni?”

Nikamwita mdogo wangu, Mwanaidi. Yeye anaona, na ukurasa wake ni kamili. “Fungua wako, unibonyezee Hapana.”

Alihangaika na simu yake, kisha akasema, “Dada, kwangu Hapana ipo. Swali ndilo halipo.”

Nikamvuta Tunu kifuani, kichwa nusu kimesukwa, nikamkumbatia kwa mikono yote miwili nisije nikakigusa kitufe. Tukakaa hivyo.

“Inaonekana kubonyeza kunakuwia vigumu,” sauti ikasema, kwa upole uleule. “Usihangaike, mama. Tumekubonyezea.”