Upupu wa Nungunungu

Nungunungu alijiona mjanja, akaotesha upupu kwenye uzio wake ili wezi wawashwe. Wezi hawakuja. Waliowashwa ni majirani. Watoto wa Nguchiro walijikuna mpaka wakatoka damu.

Siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanyama walikuja na majembe kuung'oa. Nungunungu akasimama langoni, miiba wima.

"Upupu gani? Hayo ni maua ya mapambo. Ngozi zenu ndizo zinazodeka."

"Mzee, wanangu hawalali," alisema Nguchiro.

"Waogeshe."

Wakarudi na majembe yao.

Kiangazi kilipofika, maganda ya upupu yakakauka na upepo ukageukia kwa mwenyewe. Vinyweleo vikamwingia Nungunungu katikati ya miiba hadi kwenye ngozi. Akajisugua ukutani, akatoboa ukuta, mwasho ukabaki palepale. Akatoka mbio akilia, "Jirani, nikune mgongo!"

Nguchiro alikuja na jembe, mikono kajipaka majivu. Akampita, akaanza kuung'oa upupu.

"Nikune kwanza!"

"Ningekukuna, mzee," alisema Nguchiro bila kuinua kichwa, "lakini mgongo wako nao umejaa mapambo. Kaoge."