Jiwe Lisilo na Theluji

"Tugeuke, dada," nilimwambia Puseletso tulipofika kwenye rundo la mawe, pale njia inapovuka mgongo wa mlima. "Siku mbili kwenye baridi hii? Yule Mjerumani ameshakufa."

Julai, katikati ya majira ya baridi hapa Maloti, milima ya Lesotho, hatupandishi wageni; hata farasi huwa tumeshawashusha bondeni. Lakini huyu aling'ang'ania kwenda kileleni peke yake, na Puseletso ndiye aliyemwelekeza njia. Alimfundisha na desturi yetu: ukifika hapa, okota jiwe, litemee mate, liweke juu ya mengine, uombe safari njema. Mgeni alicheka mpaka akakohoa.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha, ikakatika alfajiri. Chini ilikuwa imeganda kuwa barafu tupu, ngumu, haishiki unyayo. Rundo lilikuwa jeupe lote. Puseletso akalizunguka polepole, akasimama.

"Njoo uone."

Juu kabisa palikuwa na jiwe moja jeusi, halina hata chembe ya theluji. Ubavuni mwake kulikuwa na mate, yameganda kama kioo.

"Labda ni mchungaji," nikasema.

"Mchungaji gani huku, mwezi huu? Sema tu miguu inakuuma."

Akaokota jiwe, akalitemea mate, akaliweka kando ya lile. Akakaza pini ya blanketi lake, akaanza kupanda.

"Giza litatukuta huko juu," nikamwambia.

"Litukute. Tutakuwa watatu."