Kuanguka Kunaruhusiwa

Haya, sogea nikutege. Huteleza mahali pamoja tu, na mahali hapo hapana utelezi. Ni nani? Ukishindwa, mji wako kaa nao. Mwenyewe atajibu.

Jumatano asubuhi bibi alianguka kwa mara ya tisa. Alitoka gatini amesimama wima juu ya ubao, kasia mkononi. Akapita matete, akapita boti zilizofungwa, akafika kwenye boya la manjano. Hapo, chubwi!

"Magoti, Bibi!" mwalimu alipiga kelele kutoka gatini. "Legeza magoti! Tazama mbele, usitazame maji!"

Bibi hakusikia. Alikuwa chini. Alikaa huko kiasi cha mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili, ndipo akaibuka, matope yamejaa kwenye kucha.

Mwalimu huyo wa kupiga kasia kwa kusimama alikuwa kijana mpole, ila wiki hiyo upole ulikuwa unamwishia. Wanafunzi wawili walikwisha kumkimbia. Mwenye chuo alimwambia waziwazi: huyu bibi asipozunguka boya amesimama kufikia Ijumaa, wewe unarudi stoo kugawa majaketi ya kuelea. Stoo hiyo alikaa miaka mitatu. Harufu yake anaijua mpaka leo.

Akamrudisha bibi nyasini. Akaulaza ubao chini, akaanza upya. Miguu ipanuke sawa na mabega. Mkono wa juu ushike kichwa cha kasia. Bapa la kasia lizame lote ndipo uvute, na likifika kwenye kifundo cha mguu, litoe. Ukitaka kugeuka, rudisha mguu mmoja nyuma.

Bibi alifanya yote kama kazaliwa nayo.

"Mbona hapa unaweza?"

"Hapa hakuna maji, mwanangu."

Akampeleka upande wa pili wa ziwa, penye kina na upepo. Bibi akageuka mara sita bila kuyumba. Akampeleka kwenye boya. Chubwi!

"Bibi, kwa nini pale tu?"

"Ninajitahidi," bibi alijibu, akijikamua nywele.

Hilo halikuwa jibu, na mwalimu alilijua.

Mumewe alikuwa kwenye benchi, kama kila siku, na chupa yake ya uji, leso kaibana mdomoni. Kila mara mkewe alipoanguka, mzee alinyanyuka nusu. Alipoibuka, aliketi tena. Mwalimu alidhani ni aibu.

"Babu naye hakutii moyo hata kidogo?"

"Anajitunza. Mtondo, yaani Jumamosi, mjukuu wetu anaolewa. Yeye ndiye msemaji wa familia."

"Mbona hata salamu haitikii?"

"Ndiyo kujitunza kwenyewe."

Jumapili wazee hao walikuwa wamekodi boti ya pedali. Walikwenda wakicheka mpaka kwenye boya, wakarudi kabla ya saa yao kwisha, kimya. Jumatatu bibi alikuja akasimama muda mrefu mbele ya kibao cha gatini: MARUFUKU KUOGELEA. MAJI NI YA VYOMBO NA WANAFUNZI TU.

"Na mwanafunzi akianguka?" aliuliza.

"Kuanguka kunaruhusiwa, Bibi."

"Mara ngapi?"

Mwalimu alicheka, akamwandikisha. Jaketi bibi alilikataa, alisema linambana kifua. Akaogelea kwenda na kurudi kama bata mbele ya mwenye chuo, akakubaliwa avae tu kamba ya kumfunga mguu na ubao.

Ijumaa mwenye chuo alikuja mwenyewe, mikono kaikunja kifuani. Bibi aliondoka gatini. Mwalimu hakuwa na nguvu za kupiga kelele. Midomo tu ndiyo ilicheza: magoti, magoti, magoti. Bibi akapita matete. Akapita boti. Akafika kwenye boya, akavuta pumzi ndefu. Chubwi!

"Basi," mwenye chuo alisema. "Stoo ina vumbi. Anza na kufagia."

Bibi aliibuka, akazama tena. Akaibuka, akazama. Mara ya tatu alitokeza ngumi kwanza, kichwa baadaye. Akatia kitu kifuani, akapanda ubao, akasimama.

Akalizunguka boya kwa kulia. Kisha, kana kwamba halijamtosha, akalizunguka kwa kushoto. Akarudi gatini kwa mivuto mirefu ya taratibu, macho mbele, magoti yamelegea, mgongo umenyooka kama wa bibi harusi.

Mwenye chuo akaikunjua mikono.

"Aisee," alisema. "Stoo nitamtafutia mtu mwingine." Akaenda zake.

Mwalimu alimkimbilia bibi kumpa mkono. Bibi hakusimama. Alinyoosha moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akamimina maji ya chupa juu ya kiganja chake, akasugua kidogo kwa kidole, kisha akatandaza taulo mbele ya uso wa mzee kama pazia.

"Bibi, nimekuuliza wiki nzima," mwalimu alisema. "Leo niambie. Kwa nini pale tu?"

Taulo likashuka. Leso haikuwapo tena. Mzee akatabasamu, meno yote ya juu yaking'aa, kijani kidogo cha majani ya ziwa kimenasa pembeni.

"Pale," alisema, neno lake la kwanza tangu Jumapili, "ndipo nilipopiga chafya."