Hina na Dizeli

Mjomba Kombo aliizungusha boti ghuba nzima ili watu wa ng'ambo wasikie vigelegele vya msafara wa bibi harusi, mpaka dizeli ikamkatikia katikati ya maji. Akamimina dumu la akiba kwenye tangi, akiichuja kwa kanga, lakini kila akipiga stata injini ilikohoa kidogo ikanyamaza.

"Imeingia hewa hiyo," akasema Salha, bibi harusi mwenyewe, kutoka ndani ya shela.

Bi Shekue, somo wake aliyemfunda, akamdaka mkono. "Usithubutu! Bibi harusi mwenye hina hashiki kitu."

"Sasa tulale hapa, somo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Nani asiyejua kwamba fundi wa boti hiyo alikuwa Salha? Akapandisha shela, akachukua spana iliyojaa grisi na kulegeza nati juu ya filta ya dizeli.

"Mjomba, piga pampu ya mkono. Taratibu."

Povu likatoka, likatoka tena, kisha dizeli safi isiyo na hata kipovu kimoja ikamtiririkia juu ya maua ya hina. Akakaza nati. Injini ikanguruma, vigelegele vikaizidi.

Walipofika gatini, bwana harusi alimpokea Salha mkono, akaunusa, akacheka. Akauweka shavuni mwake mbele ya kaumu yote. Alipouachia, vidole vya grisi vilikuwa vimejichora usoni pake.

Bi Shekue, aliyekwisha kutoa kitambaa cha kumfutia bwana harusi uso, akamwona bado anacheka, kisha akakirudisha kifuani.