Upindo wa Pazia

Siku ya kuanua matanga, Mwanaidi alishusha pazia la marehemu bibi yake alifue. Upindo wa chini ulikuwa mnene ajabu. Akaufumua, maua aliyoyadarizi bibi yalikuwa yaking'aa humo, hayajapigwa na jua.

"Babu, mbona bibi hakukata kitambaa kilichozidi?"

"Kila kota ya jeshi ina dirisha la urefu wake," alisema babu yake, sajini mstaafu. "Nikihamishwa, anafumua, anapinda upya."

"Lakini nyumba hii si yenu?"

"Nilimwambia hatuhami tena. Akacheka, 'Askari wewe, nani akuamini?'"

Mzee akampokonya pazia, akalitundika bila kulipinda. Likashuka hadi kulala sakafuni, kama lililoshonewa dirisha la nyumba nyingine.