Mteja Anayependa Kijani

Mteja wa Suguti alikuwa amebonyeza kijani tena.

Gody aliruka kwenye kiti, nusura amwage chai juu ya kompyuta. "Bosi! Njoo uone! Amerudi!"

Florian, mwenye duka la vifaa vya shamba pale Kitaji, Musoma, aliacha kupanga majembe akaja akijifuta mikono. Aliitazama skrini kama mtu anayeonyeshwa noti anayoshuku ni bandia.

"Amenunua?"

"Bado. Lakini anachuja!"

"Mimi chujio ninalolijua ni la chai," alisema Florian, akarudi kwenye majembe yake.

Ugomvi wao ulikuwa huo. Gody, kijana wa Kigera aliyejifundisha kompyuta mwenyewe na asiyekubali kukosolewa na kiumbe yeyote, alikuwa ameweka vichujio kwenye duka la mtandaoni la Florian: mteja anabonyeza bei, aina au rangi, analetewa anachokitaka tu. Alishatangaza mtaa mzima kwamba kuanzia Bunda hadi Butiama hakuna duka lenye kitu kama hicho. Tatizo, hakuna aliyevigusa. Florian naye alishatoa neno la mwisho: asiponunua mtu kupitia hivyo vichujio kufikia Jumamosi, Gody anafungasha, na kazi anapewa Chrispin wa Bunda. Huyo hulipiga jembe picha, akalirusha WhatsApp, akaenda zake kula.

Ndipo akatokea mteja wa Suguti. Akaunti ilisomeka Hyasinta, jirani na kigango. Jua likichomoza tu, yumo. Mvua ikinyesha, haonekani. Hakugusa bei wala aina. Alikwenda moja kwa moja kwenye rangi, na kwenye rangi alikwenda moja kwa moja kwenye kijani, ambayo Gody alikuwa ameiwekea picha ya jani la mchicha.

"Huyu ni mama wa maana," Gody alisema. "Bei haangalii kabisa! Mtu asiyeangalia bei unamjua ni wa aina gani."

Akaanza kumfanyia kazi yeye peke yake. Aliigawa kijani: kijani cha mchicha, kijani cha mgomba, kijani cha matembele, kila moja na picha ya jani lake. Mteja alizijaribu zote, akatulia kwenye matembele.

"Ana jicho la kisanii," Gody alinong'ona.

Siku iliyofuata aliibadilisha hata ile sehemu ya kuagizia. Palipokuwa na neno "Agiza" akaweka jani kubwa la matembele, bichi, lenye umande. Kabla ya mchana agizo liliingia: mabuti ya mpira, kijani, jozi mbili. Malipo ukipokea.

Gody alicheza dukani mpaka ndoo zikaanguka.

"Jozi mbili?" Florian alikunja uso. "Za saizi moja?"

"Moja ya shamba, moja ya kanisani. Watu wenye nafasi wana mambo yao, bosi."

Florian akapiga namba ya mteja, akaweka sauti kubwa. Simu ilipokelewa. Ikasikika pumzi nzito, kama ya mtu mwenye mawazo mengi.

"Haloo? Mama Hyasinta?"

Pumzi tena. Kitu kikatafunwa. Simu ikakatika.

"Tumemkatiza anakula," Gody alisema kwa huzuni.

"Au ni shangazi yako umempanga! Kesho twende Suguti. Nataka mteja mwenyewe anithibitishie, kwa mdomo wake, kwamba vichujio vyako vinafanya kazi. Akithibitisha, kazi ni yako mpaka uote mvi. Asipothibitisha, Chrispin anaanza Jumatatu."

Walimkuta Bibi Hyasinta uani, miguu mitupu, anamenya mihogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni. Mmetoka mbali?"

"Musoma, bibi," alisema Gody, kifua mbele. "Tumekuletea mabuti yako."

"Mabuti gani tena? Mimi tangu nizaliwe sijavaaga hivyo vitu. Vinanuka!"

Florian alitoa simu yake na kuanza kulitafuta jina la Chrispin.

"Subiri, bosi! Bibi, kwani simu yako iko wapi?"

"Simu? Iko kule nyuma, kwenye nguzo ya zizi. Huku ndani mtandao haushikagi. Adventina, mjukuu wangu, alipokuja likizo aliifunga pale na kasola kake ka kuichajia, akaniachia imewaka hivyo hivyo kwenye hilo duka alilokuwa analitazama. Nikiisikia inalia nakimbia." Bibi akakung'uta kisu. "Ila siku hizi nikifika naikuta imeshapokelewa. Tena imelowa."

Florian alikuwa ameshapiga. Simu ilikuwa inaita Bunda wakati wanaizunguka nyumba.

Kwenye nguzo ya zizi, beberu mweupe alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, macho kayafumba, anailamba skrini taratibu. Mfukoni mwa Gody simu ikatetema: agizo jipya.

"Bosi," Gody alisema kwa sauti ndogo, "kwa mdomo wake."

Florian alikata simu kabla Chrispin hajapokea. Akaitazama miguu ya mteja, kisha akayatazama mabuti aliyoyabeba: jozi mbili, kamili.