Ini Lililolainishwa

"Mbona ini langu linang'aa kuliko uso wangu?" mjomba alitania, akilitazama likizunguka kwenye kompyuta yangu.

Mfano huo wa ini lake niliuunda mwaka jana kutokana na picha za kipimo chake cha hospitali, nikaulainisha ili upendeze. Daktari aliutazama, akasema hakuna neno. Leo, mjomba akiwa amebaki mifupa, daktari aliomba kuuona ulivyokuwa kabla sijaulainisha.

Nilibonyeza kitufe. Ini likarudi na makunyanzi yake, na upande wa kulia kikajitokeza kinundu, kidogo kama punje ya mtama.

Daktari alivua miwani.

"Na hicho ni nini, mwanangu?" Mjomba alikigusa kwa kidole.

"Nilidhani ni kasoro ya picha, mjomba," nilisema. "Nilikifuta mimi."